Istanbul au Thessaloniki: uende wapi kufuata maandamano ya Bizanti?

Mwenye nauli ya safari moja, na mwenye hamu ya kujua jinsi Wabizanti, yaani Warumi Wakristo wa mashariki wa zama za kati, walivyoitoa ibada yao kanisani wakaitembeza mitaani, ana miji miwili ya kupima. Wa kwanza ni Istanbul, ndiyo Konstantinopoli ya zamani. Wa pili ni Thessaloniki, uliokuwa mji wa pili wa dola ile kwa ukubwa na heshima. Mystras ya kusini mwa Ugiriki inapendeza kwa macho, ila ulikuwa mji wa siku za mwisho na habari za maandamano yake ni haba. Naiacha.

Nianze na jibu, kwa faida ya mwenye haraka. Ukitaka barabara yenyewe, vituo vyake na maandishi ya walioshuhudia, nenda Istanbul. Ukitaka kuona umati ukifuata ikoni, yaani picha takatifu, ya mtakatifu wa mji, katika mji uleule na siku zilezile za kalenda, nenda Thessaloniki mwishoni mwa Oktoba. Anayekwenda mara ya kwanza na hajasoma sana, mimi ningemshauri Thessaloniki, ingawa mambo makubwa zaidi yalitokea kule kwingine.

Konstantinopoli: kila wiki watu wako njiani

Kitabu cha taratibu za ibada cha Hagia Sophia, Kanisa Kuu la mji, cha karne ya 10, kinapanga maandamano yapatayo 68 kwa mwaka. Ni zaidi ya moja kwa wiki, na hapo hatujagusa yale ya monasteri wala ya ikulu. Utaratibu haukubadilika sana: Patriaki (mkuu wa Kanisa la mji), mapadre, mashemasi na waimbaji wanatoka Hagia Sophia, wanaifuata barabara kuu iliyoitwa Mese mpaka Uwanja wa Konstantino, wanasimama kwa dua chini ya nguzo ya mwanzilishi wa mji, kisha wanaendelea hadi kanisa lililopangiwa siku hiyo. Liturujia inaadhimishwa huko, si Hagia Sophia. Mkazi wa mtaa wa mbali hakulazimika kumfuata Patriaki katikati ya mji. Siku ya mtakatifu wa mtaa wake ilipofika, Patriaki ndiye aliyemjia.

Ukiisoma kalenda yenyewe utaona kwamba si sikukuu za watakatifu tu. Kuna tarehe 11 Mei, siku ya kuzaliwa kwa mji, uliozinduliwa mwaka 330. Na kuna hofu nyingi zilizowekewa tarehe. Tetemeko la mwaka 447 lilibomoa minara mingi ya ukuta wa nchi kavu, na waandishi wa kale wanasema Kaisari Theodosius II alitoka pekupeku pamoja na wazee wa baraza na raia, wakiomba kwa siku nyingi. Matetemeko ya karne hiyo ndiyo yaliyozaa simulizi ya mtoto aliyenyanyuliwa angani mbele ya umati kule Hebdomon, nje ya mji, akarudi na maneno ya wimbo wa Mtakatifu Mara Tatu. Wimbo huo ukawa wa maandamano, na makanisa ya Kiorthodoksi ya Kenya, Uganda na Tanzania yanauimba mpaka leo katika kila liturujia.

Halafu vita. Mwaka 626 Waavari walikuwa kwenye ukuta wa magharibi, Waajemi ng'ambo ya Bosforo, na Kaisari Heraclius alikuwa vitani mbali mashariki. Patriaki Sergios akazunguka kuta na picha takatifu. Mwaka 860 merikebu za Warusi zilipotokea ghafla, Patriaki Photios akafanya hivyohivyo na vazi la Bikira Maria lililotunzwa katika kanisa la Blachernae. Adui alipoondoka, siku ile iliingizwa kwenye kalenda, na wajukuu wa walionusurika wakaenda kwa miguu kila mwaka kukumbuka jambo ambalo hawakuliona.

Kaisari naye alikuwa na misafara yake. Kitabu cha sherehe kilichokusanywa chini ya Konstantino VII katikati ya karne ya 10 kinaeleza kwa uchovu wa ajabu nani asimame wapi, avae nini, apige magoti lini. Kina vipengele vya kusinzia, nakiri, lakini ndani yake kuna kitu cha thamani: maneno ya shangwe waliyoyaimba Wabluu na Wakijani kwenye kila kituo. Hawa walianza kama mashabiki wa mbio za magari ya farasi, wenye fujo za kuchoma mji. Kufikia karne ya 10 walikuwa waimbaji rasmi wa serikali, wakisubiri Kaisari apite ili wamtakie miaka mingi.

Shahidi ninayempenda kuliko wote hakuwa Mkristo. Harun ibn Yahya, mtu wa Shamu, alikamatwa akapelekwa Konstantinopoli kama mateka karibu na mwaka 900, na masimulizi yake yamehifadhiwa katika kitabu cha Ibn Rusta, mwanajiografia. Anaeleza msafara wa Kaisari kutoka ikulu kwenda Kanisa Kuu: njia imetandikwa mikeka, juu yake majani yenye harufu nzuri, pande zote vitambaa vya thamani vimening'inizwa. Makundi baada ya makundi yanapita, kila moja na rangi yake ya mavazi. Mwishoni anakuja Kaisari kwa miguu, mkononi ana kisanduku cha dhahabu chenye udongo, na kila baada ya hatua mbili waziri wake anamwambia akumbuke mauti. Kaisari anasimama, anakifungua, anautazama udongo, anaubusu, analia. Mateka wa Kiislamu nao waliletwa kanisani kuuona utukufu ule na kumwombea maisha marefu. Hesabu za Harun za watu kwenye msafara ni kubwa mno, zisikupe taabu. Jicho lake kwa mambo madogo ndilo la kuaminiwa.

Jumanne ya Hodegetria

Kati ya yote, maandamano yaliyowashangaza wageni zaidi hayakuwa ya Kaisari wala ya Patriaki. Ni ya Jumanne. Monasteri ya Hodegon, karibu na Hagia Sophia upande wa bahari, ilikuwa na ikoni ya Bikira Maria aliyempakata Mwana, Hodegetria, ambayo watu waliamini imechorwa na Mwinjili Luka. Kila Jumanne ilitolewa nje. Chama cha walei wenye kanzu nyekundu ndicho kilichoihudumia, na mmoja wao alibebeshwa peke yake.

Stefano wa Novgorod, hujaji wa Kirusi aliyefika karibu na mwaka 1349, anasema mbebaji alinyoosha mikono kama msulubiwa, na ikoni ikawa inamzungusha uwanjani huku na huko wala yeye hajui anakopelekwa. Ruy González de Clavijo, balozi wa mfalme wa Kastilia, aliiona mwaka 1403. Pero Tafur, Mhispania mwingine, aliiona mwaka 1437, na yeye anataja soko lililofanyika palepale siku ileile. Mashahidi wa nchi tofauti na miaka tofauti wanarudia jambo lilelile: mzigo ni mzito kupita kiasi, mbebaji ni mmoja, na anakwenda kana kwamba hajabeba kitu.

Aliyeona zefe la Maulidi Lamu, watu na matwari wakiujaza uchochoro mpaka hakuna pa kupita, ataelewa kwa nini kuwatenganisha waumini, watazamaji na wachuuzi siku ile ya Jumanne ni kazi bure.

Bikira Maria pia ndiye aliyepewa ushindi wa vita. Mwaka 971 Kaisari John Tzimiskes alirudi kutoka vita vya Bulgaria, akakataa kupanda gari la ushindi aliloandaliwa, akaweka ndani yake picha ya Bikira na kufuata nyuma kwa farasi. Mwaka 1133 Kaisari John II Komnenos alifanya karibu hayo hayo, ila yeye alitembea kwa miguu akiwa na msalaba. Na tarehe 15 Agosti 1261, baada ya miaka 57 ya utawala wa Walatini, yaani Wakristo wa Ulaya ya magharibi, Kaisari Michael VIII aliingia kwa Lango la Dhahabu akitembea nyuma ya Hodegetria yenyewe. Mwaka 1453, Waturuki wa Osmani walipouteka mji, ilikuwa imepelekwa monasteri ya Chora, karibu na ukuta, ili iwatie moyo walinzi. Mwandishi Doukas anasema askari walioingia waliikata vipande vinne wakagawana.

Leo hii Istanbul: unachokikuta

Barabara ipo. Hiyo ndiyo hoja kubwa ya kuchagua Istanbul, na haina mpinzani. Divan Yolu na mwendelezo wake, ambako tramu ya T1 inapita, inafuata Mese. Unaanza kwenye kipande cha Milion, jiwe la kuanzia kupima umbali wa barabara, karibu na Hagia Sophia, unafika Çemberlitaş ambako nguzo ya Konstantino bado imesimama, imefungwa pete za chuma na ina alama za moto, kisha Beyazıt, uliokuwa Uwanja wa Theodosius, na vipande vya tao lake viko kando ya njia bila ulinzi wa maana. Mbele kidogo Mese iligawanyika. Tawi la kaskazini lilikwenda Kanisa la Mitume Watakatifu, walikozikwa makaisari. Hapo sasa ni msikiti wa Fatih. Tawi la kusini linakupeleka Cerrahpaşa, kwenye kitako cha nguzo ya Arcadius kilichobanwa na nyumba za watu, na hatimaye Yedikule, penye Lango la Dhahabu. Mpaka hapo ni kati ya kilomita 5 na 6. Miguu itakuambia kitu ambacho kitabu hakisemi: wazee waliokuwa wamebeba masalia walikuwa wakifanya kazi ngumu.

Na usidhani barabara ile ilisahau sherehe baada ya 1453. Masultani walipokwenda Eyüp, penye kaburi la Abu Ayyub al-Ansari, kuvishwa upanga wa utawala, misafara yao ilipita Lango la Edirne na Divan Yolu. Njia ni ileile iliyotumiwa na Kaisari Justinian alipoingia mjini mwaka 559 na kusimama kwenye Mitume Watakatifu kuwasha mishumaa kwenye kaburi la mkewe Theodora. Kwa msomaji Mwislamu hili linaweza kuamua safari nzima. Anaona mji mmoja ukiendelea kutumia njia yake kwa dini mbili, na shahidi wake mkuu, Harun, aliandika kwa Kiarabu.

Usichokikuta ni maandamano. Monasteri ya Hodegon imebaki misingi michache. Kanisa la sasa la Blachernae ni dogo na la juzijuzi, ingawa chemchemi yake bado inatoa maji. Hagia Sophia ni msikiti tena tangu 2020, na kuanzia Januari 2024 mtalii hulipa euro 25 kwa roshani za juu peke yake, chini ni kwa wanaosali. Patriaki wa Kiorthodoksi angali mtaa wa Fener, na kila 6 Januari msalaba hutupwa kwenye maji ya Pembe ya Dhahabu waogeleaji waufuate. Ni sherehe nzuri, lakini jumuiya iliyobaki ni ndogo, na barabara kuu haihusiki nayo. Istanbul inakutaka uje na maandishi kichwani. Bila hayo, utapita Çemberlitaş ukidhani ni kituo cha tramu tu.

Thessaloniki: mji wa mtu mmoja

Thessaloniki haikuwa na Kaisari wa kumtazama kila siku. Ilikuwa na Mtakatifu Demetrios. Mapokeo yanasema aliuawa mwanzoni mwa karne ya 4 kwenye mabafu ya mji, na basilika yake imejengwa juu ya mahali hapo. Kila kitu cha ibada ya mji kilimzunguka yeye, kuanzia vita hadi biashara. Mwaka 1040 waasi wa Bulgaria walipouzingira mji, wakazi walikesha kaburini, wakajipaka marhamu yaliyotiririka hapo, kisha wakafungua malango na kuwashambulia adui hadi wakakimbia; ndivyo anavyosimulia mwandishi wa historia Skylitzes. Mahujaji waliondoka na mafuta hayo katika vichupa vidogo vya risasi, ambavyo vimepatikana sehemu nyingi.

Sikukuu yake, 26 Oktoba, inaelezwa vizuri na utungo wa dhihaka wa karne ya 12 uitwao Timarion, usio na jina la mtunzi. Msimulizi anapanda kilimani kulitazama gulio nje ya ukuta: vibanda vya wafanyabiashara kwa safu mbili zinazotazamana kama mtaa mrefu, vitambaa vya Boeotia na Peloponnese, bidhaa za Italia, Misri, Foinike na Hispania, na mizigo ya Bahari Nyeusi iliyokuja kwa farasi na nyumbu kupitia Konstantinopoli. Gulio linaanza siku sita kabla ya sikukuu na kumalizika Jumatatu inayofuata. Usiku tatu ni mkesha kanisani, Askofu Mkuu akiongoza, mapadre na watawa wakiimba kwa pande mbili. Kisha anakuja gavana na wapanda farasi wake, na msimulizi anatumia maneno mengi kwa farasi wa Kiarabu kuliko kwa sala. Mimi namwamini zaidi kwa sababu hiyo.

Katika karne ya 14 hotuba ya mwanasheria Konstantinos Harmenopoulos inatuonyesha maandamano ya mkesha wa sikukuu: watu wanakusanyika kwenye kanisa la Bikira lililoitwa Kataphyge na kwenda mpaka basilikani. Symeon, Askofu Mkuu aliyefariki mwaka 1429, miezi michache kabla Sultani Murad II wa Osmani hajauteka mji, alikuwa mtu wa kung'ang'ania taratibu. Aliandika kwa kirefu kwa nini maandamano yafanywe, wimbo gani uimbwe wapi, na alisikitika kwamba ibada ya kale ya kuimba ilikuwa imebaki kwake tu. Thessaloniki nayo ilikuwa na Hodegetria yake na chama chake. Eustathios, Askofu Mkuu wakati Wanormani walipouvamia mji mwaka 1185, anasema ikoni hiyo ilipokuwa ikirudishwa kutoka kwenye maandamano iligoma kuingia mlangoni mwake. Watu walilichukua kama onyo. Mji ulianguka 24 Agosti.

Kwa wingi wa maandishi, basi, Thessaloniki inashindwa vibaya. Lakini angalia mambo ya leo. Jeshi la Ugiriki liliuchukua mji kutoka kwa Waosmani siku ya Demetrios yenyewe, 26 Oktoba 1912. Basilika, iliyokuwa msikiti tangu mwisho wa karne ya 15, ikarudi kwa Wakristo; moto wa 1917 ukaiteketeza, ikajengwa upya na kufunguliwa tena 1949. Mozaiki kadhaa za kale zilinusurika, ikiwemo ile ya karne ya 7 ambamo Demetrios amesimama katikati ya askofu na gavana, amewawekea mikono mabegani. Siasa yote ya maandamano ya mji huu imo katika picha ile.

Jioni ya kuamkia sikukuu, tarehe 25 Oktoba, ikoni hutolewa barabarani, makasisi mbele, umati nyuma. Usitarajie karne ya 12. Utakutana na bendi ya jeshi, mawaziri, kamera na walinzi. Baadhi ya wasafiri hukerwa na hilo. Mimi naona ndilo linaloifanya iwe ya kweli, maana gavana wa Timarion naye hakuja na sala peke yake. Tofauti moja ya kuzingatia: sikukuu ya mtakatifu, ukombozi wa 1912 na gwaride la kitaifa la 28 Oktoba vimebanana katika siku nne, na ni vigumu kujua umati umetoka kwa ajili ya nani.

Mji ni wa kutembelewa kwa miguu. Basilika ya Demetrios, kanisa la Acheiropoietos na Hagia Sophia ya hapa (ndiyo, nao wana yao, ya karne ya 8 hivi) ziko dakika chache kutoka moja hadi nyingine, na kuingia ni bure. Metro iliyofunguliwa 30 Novemba 2024 ina kituo cha Venizelou, na ndani yake imeonyeshwa barabara ya kale ya marumaru iliyofukuliwa wakati wa ujenzi.

Mambo ya mfukoni

Kutoka Nairobi, Dar es Salaam, Entebbe au Kigali kuna ndege za moja kwa moja hadi Istanbul. Thessaloniki lazima ubadilishe ndege, mara nyingi hukohuko Istanbul, na Ugiriki iko ndani ya Schengen, kundi la nchi za Ulaya zenye viza moja, hivyo mwenye pasipoti ya Kenya au Tanzania anahitaji viza hiyo, ambayo ina karatasi nyingi na haitolewi haraka. Kwa Oktoba, anza maombi mapema. Hoteli za Thessaloniki wiki ya sikukuu hujaa. Istanbul haina wiki maalumu kwa shughuli yetu hii. Epuka Julai na Agosti tu, kwa sababu kutembea hadi Yedikule kwenye jua lile ni mateso.

Mwenye watoto aende Thessaloniki. Mwanafunzi wa historia au wa teolojia anayeandika tasnifu aende Istanbul, na achague Jumanne moja ya kushinda kati ya Hagia Sophia na ukuta wa bahari. Mwalimu anayetaka picha za kuwaonyesha wanafunzi apime mwenyewe: Istanbul inampa mawe, Thessaloniki nyuso.

Na kwa atakayechagua Ugiriki kuna nyongeza ambayo wengi hawaijui. Picha bora ya maandamano ya Jumanne ya Konstantinopoli haiko Istanbul. Imechorwa ukutani, mwishoni mwa karne ya 13, kwenye ukumbi wa mbele wa kanisa la monasteri ya Blacherna, karibu na Arta, magharibi mwa nchi. Mbebaji amenyoosha mikono chini ya ikoni, umati umemzunguka, na pembeni wachuuzi wanaendelea kuuza bidhaa zao. Kutoka Thessaloniki ni safari ya kuvuka nchi kupitia Ioannina, usiibane katika siku moja, na kabla ya kuondoka uliza Arta kama mwenye funguo za kanisa atakuwepo.